Aliyebaki Kuadhini Ngomeni

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, kwamba hapo kale, mpakani mwa nchi za Waislamu, palikuwa na ngome ndogo juu ya kilima cha mawe. Haikuwa ngome ya kuimbwa. Kuta zake zilikuwa za mawe na udongo, na msikiti wake ulitosha watu safu chache, tena kwa kubanana. Mnara ulikuwa mmoja tu, upande wa machweo, nao ndio uliokuwa mnara wa adhana na mnara wa ulinzi kwa pamoja. Humo waliishi askari na wake zao na watoto wao, na kazi yao ilikuwa kukesha ili wakulima walio nyuma yao wapate kulala.

Katika askari hao alikuwamo mmoja akiitwa Mundhiri bin Kaabu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kimo, mwenye mabega mapana kama mlango, mkali wa mkuki na mchache wa maneno. Na huo uchache wa maneno ulikuwa na sababu yake. Mundhiri alikuwa na sauti mbaya, wala sisemi mbaya kidogo. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Akicheka, watoto hushtuka. Akiitikia Amina msikitini, aliye safu ya mbele hurusha mabega. Mwenyewe alilijua hilo, akaona haya, hata ikawa anaitikia Amina kwa midomo tu.

Muadhini wa ngome alikuwa Wahbi, mtu wa rika lake, waliokula sahani moja tangu ujana. Huyo Mola alimjaalia koo. Akiadhini, wachungaji wa bondeni husimamisha mbuzi wao wakasikiliza. Naye Wahbi alijijua kuwa ana sauti, na kujijua huko, ndugu zangu, ndiko kunakoponza watu.

Basi mwaka mmoja adui akaja na jeshi kubwa, wapanda farasi na waenda kwa miguu, wakapiga kambi yao chini ya mnara ule. Wahbi akapanda kuadhini kama desturi yake, akasimama dirishani. Hakufika katikati, mishale ikamiminika kama mvua. Mmoja ukapita sikioni pake ukakitoboa kilemba. Wahbi aliimalizia adhana ile amechutama chini ya dirisha, akashuka ngazi asiangalie nyuma.

Ilipoingia Alasiri, hapakusikika kitu. Watu wakatazamana. Wahbi akasema kifua kinambana.

Mundhiri siku hiyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa mnara. Aliliona jua limeinama, akasubiri hatua za Wahbi kwenye ngazi, asizisikie. Akachungulia ndani ya ngome apate mtu wa kumwita. Kila mtu alikuwa ukutani mahali pake. Akasema moyoni, “Ewe Mola wangu, wewe ndiye uliyenipa koo hili.” Kisha akasimama dirishani, kifua wazi, akaadhini kwa mara ya kwanza katika umri wake.

Ndani ya ngome ajuza mmoja aliinua kichwa akauliza, “Nani anachinja ngamia juu ya mnara?” Watoto wakaangua vicheko. Na huko chini, jeshi la adui lilinyamaza kwanza, pinde zikiwa mikononi. Halafu kambi nzima ikacheka. Walicheka wakaegemeana. Na katika kicheko hicho, mtu mmoja nyuma ya ukuta wa ngome alipaza sauti akawaambia adui kwa lugha yao, “Msimpige huyo! Ni punda wetu, hatuna mwingine!”

Maskini Mundhiri aliyasikia maneno hayo yote, wala hakujua ni nani aliyeyatamka. Aliifikisha adhana mwisho wake, herufi kwa herufi, akateremka.

Tangu hapo mambo yakawa hivyo. Kila alipoadhini, adui walimwitikia kwa kulia kama punda, na wengine wakipiga makopo yao ya maji. Mishale wakaiacha, maana nani ampigaye anayemchekesha? Na wapiganaji waliochoka hawakosi werevu wa kujirahisishia kazi: kwa kuwa adhana ile haikukosea wakati wake, walinzi wa kambi wakaanza kupokezana zamu kwayo. Punda akilia, huyu anashuka lindoni na yule anapanda. Hata jemadari wao aliliridhia.

Siku moja Mundhiri alirudi nyumbani uso umemshuka. Mkewe, Bibi Rababu, alikuwa mja mzito wa siku za mwisho, amekaa akibagua dengu kidogo zilizobaki.

“Leo wamelia wangapi?” akamuuliza.

“Wote.”

“Waache walie. Punda ndiye aliyebeba maji ya ngome hii tangu ijengwe. Wewe umeona farasi akibeba maji?”

Mundhiri akacheka, na sahani zikatikisika.

Siku zikaenda. Adui walikuwa na vyakula na subira, nao ngomeni hawakuwa ila na subira. Kisha birika kubwa la maji ya mvua, tegemeo la ngome, likapata ufa kwa mawe yaliyorushwa na mitambo ya mbao ya adui, maji yakanywea ardhini, usiku mmoja tu likabaki tope. Asubuhi hiyo hiyo Bibi Rababu akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Lubaba.

Amiri wa ngome, Jundubi bin Sinani, mzee wa vita na mtu wa ibada, aliwakusanya watu msikitini akasema, “Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kufa kwa upanga si aibu, lakini kuwaacha watoto wafe kwa kiu, mbele ya Mola tutasema nini? Nyuma ya ngome lipo lile korongo. Tukitoka kesho ukungu ungali chini, adui hatatuona. Huko mbele liko daraja la magogo. Tukilivuka na kulikata, tumeokoka. Lakini kabla ya hapo ni uwanda mtupu, na sisi tuna wazee, tuna majeruhi wa kubeba, tuna mzazi aliyejifungua leo. Farasi wao wakijua tumetoka, watatukuta uwandani kama kondoo.”

Watu wakawatazama watoto wao.

“Basi lazima adui aamini kutwa nzima kwamba tumo humu,” Amiri akaendelea. “Na kambi ile yatuhesabia uhai kwa kitu kimoja. Adhana ikikosa kusikika hata mara moja, walinzi wao watabaki wamesimama bila kupokewa, watauliza kuna nini, na farasi watatandikwa.”

Wahbi akainuka upesi. “Amiri, nitabaki mimi. Mimi ndiye muadhini wa ngome hii.”

“Kaa, mwanangu. Ikitoka sauti yako tamu baada ya miezi yote hii, watainua vichwa na kujiuliza yule mwingine kaenda wapi. Wamezoea sauti moja.”

Hakuna aliyegeuka kumtazama Mundhiri. Walimwonea haya. Naye akainuka mwenyewe, mzito, akasema kwa ile sauti yake, “Inaelekea zamu ni ya punda.”

Hakuna aliyecheka.

Amiri akamshika bega. “Sikiliza, ewe Mundhiri. Tukienda salama, kwa uwezo wake Mola tutafika darajani kabla ya Alasiri. Tukivuka, tutawasha moto wa majani mabichi juu ya mlima wa ng’ambo, uone moshi. Wewe adhini Adhuhuri, uadhini Alasiri, kisha kazi yako imekwisha. Kamba nitaifunga mwenyewe ukuta wa nyuma. Shuka, utufuate. Siamrishi mtu afe.”

“Nimesikia na nimetii,” akasema Mundhiri.

Asubuhi yake, ukungu ukiwa umelala juu ya kilima kama sufi, watu walianza kutoka mmoja mmoja kwa mlango mdogo wa nyuma. Na kwa desturi ya watu wema wanaoagana, wakawa wanatakana radhi. Wahbi akamjia Mundhiri pembeni ya ngazi ya mnara, amebeba ngao ambayo hakujua aishikeje.

“Ndugu yangu, nisamehe.”

“Nimekusamehe, na wewe nisamehe.”

“Hapana, usinisamehe upesi hivyo. Hujui kitu.” Wahbi akaiweka ngao chini. “Mimi kifua hakikunibana. Niliogopa. Na ulipopanda wewe, nikasikia haya, na badala ya kumwomba Mungu anisitiri, nikajisitiri kwa kukucheka. Yule aliyepiga kelele siku ile kwamba wewe ni punda ni mimi. Mimi ndiye niliyewafundisha.”

Mundhiri alisimama. Damu ilimpanda, na mkono wake, ule wa mkuki, ukakunja ngumi. Miezi yote ile ya vicheko ilimpitia kichwani, na ndani ya miezi ile sahani waliyokula pamoja kila jioni. Alimtazama rafiki yake, akaziona kope zake zimelowa. Kisha akautazama mlango mdogo, na watu wanaotoka kupitia mlango ule.

“Wahbi,” akasema polepole, “hebu fikiri. Usingewafundisha kunicheka, wangeendelea kunipiga mishale. Wasingezoea sauti yangu. Leo tungewatoaje watoto hawa?” Akavuta pumzi. “Ulilolitia ubaya, Mola amelitia kheri. Mimi ni nani nishikilie ubaya? Nimekusamehe hapa na mbele yake Yeye. Nami nina langu: nilikuwa nikikuhusudu, kila adhana yako. Nisamehe.”

Wakakumbatiana.

Bibi Rababu alikuja wa mwisho, mtoto kifuani ndani ya shuka. Mundhiri akamwambia, “Mpe Wahbi amwadhinie sikioni. Nataka jambo la kwanza atakalolisikia duniani liwe zuri.”

“We mwanamume!” Rababu akasema, na machozi yalikuwa karibu lakini hakuyaruhusu. “Mtoto ana baba, aadhiniwe na jirani? Njoo hapa. Sauti hiyo hiyo ndiyo ninayotaka aijue.”

Mundhiri akainama. Akaadhini katika sikio la kuume la Lubaba, taratibu sana, mkwaruzo wake ukiwa kama mtu anayepapasa kitambaa kwa viganja vya kazi. Mtoto hakushtuka. Alifungua jicho moja, akalala tena.

“Umeona?” akasema Rababu. “Ahadi yako ni Alasiri. Nitakutazamia njiani.”

“Inshallah.”

Mlango ukafungwa nyuma yao, Mundhiri akaukomea kwa ndani, akabaki peke yake.

Adhuhuri aliadhini. Kambi ikalia kama punda, makopo yakapigwa, zamu ikabadilika. Akashuka msikitini, akakimu, akaswali mbele ya mikeka mitupu. Kisha akazunguka ukutani, hapa akainua kofia ya chuma juu ya mkuki, pale akavingirisha jiwe, ili wa chini wadhani pana watu.

Kabla ya Alasiri mbingu zikajifunga. Mvua ikashuka, mvua ya milimani, yenye upepo na baridi. Akaadhini Alasiri, akaswali, na kwa amri ya Amiri wake kazi ilikuwa imekwisha. Akaenda ukuta wa nyuma. Kamba ilikuwapo, imefungwa fundo la mzee Jundubi, fundo lisilofunguka. Akaishika kwa mikono miwili. Chini, korongo lilikuwa limeanza kuvuma maji. Akainua macho kuutazama mlima wa ng’ambo.

Hapakuwa na mlima. Palikuwa na pazia la mvua tu.

Akajiambia, “Amiri amesema Alasiri. Mimi nimetii.” Akatia mguu mmoja nje ya ukuta. Akajiambia tena, “Wamekwisha vuka hao. Moshi utaonekanaje katika mvua hii?” Na hilo nalo lilikuwa kweli, huenda wamevuka. Lakini ndani yake kitu kikamuuliza: na kama hawajavuka? Wazee katika tope, majeruhi juu ya machela, Rababu na kichanga cha siku moja kifuani? Na Magharibi ikiingia kimya, farasi si watatandikwa?

Alikaa juu ya ukuta, mguu huku na mguu kule, maji yakimtiririka shingoni. Alitamani kuishi, wala tusimsingizie kwamba hakutamani. Alikuwa na mkewe, alikuwa na binti ambaye hajamwona uso wake vizuri. Kisha akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia ila Mmoja, “Amri ya Amiri ni Alasiri, na jicho langu halijaona moshi. Asiyejua hana ruhusa ya kuondoka.” Akaurudisha mguu ndani.

Huko kambini, jemadari wa adui alikuwa ameanza kushuku. Kutwa hakuona moshi wa jiko hata mmoja juu ya ngome, wala kichwa kilichotembea, ila kofia zile zilizosimama mahali pamoja. Alikuwa na mkalimani, mfanyabiashara wa mpakani aliyeitwa Yuhana, na huyo Yuhana ndiye aliyekuja kuyasimulia haya baadaye. Jemadari akasema, “Punda akitoka Magharibi, mpigeni. Wenzake wakijibu kwa mishale, wamo. Wasipojibu, tandikeni farasi.”

Jua lilipokuchwa nyuma ya mawingu, Mundhiri akasimama dirishani. Hakuwa amefika kwenye shahada ya pili, mshale ukamwingia pajani ukagota mfupa. Alishika ukingo wa dirisha kwa viganja vyote viwili. Sauti ilitikisika, haikukatika. Akaendelea, mshale wa pili ukipiga jiwe, na wa tatu ukipita. Hakuchutama.

Akafika mwisho. Na hapo likamjia jambo dogo. Tumefundishwa kwamba usiku wa mvua kali muadhini huwaruhusu watu wasije msikitini, akawatangazia waswali makwao. Mundhiri alikuwa akifanya hivyo kila usiku mvua ilipozidi. Sasa damu ilikuwa ikimjaa kiatuni, na moyo wake ukamwambia, “Nani humu wa kumruhusu? Nyamaza, ukae chini.” Akajibu moyo wake, “Mvua ni mvua, na sunna ni sunna. Nikiipunguza kwa kuwa watu hawapo, basi siku zote nilikuwa nikiifanya kwa ajili ya watu.” Kisha akawakumbuka wale walio njiani, wamelowa, hawajui waswali wapi. Akawapelekea wao maneno yale, kwa nguvu zote za koo lake baya:

“Swallu fii rihaalikum! Swalini mlipofikia, enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Swalini mlipo!”

Chini kambini jemadari akamgeukia mkalimani. “Amezidisha maneno. Anasema nini?”

“Anawaambia watu wake mvua ni kali, wasitoke, waswali huko huko waliko,” akajibu Yuhana. “Ndiyo dini yao, usiku wa mvua husema hivyo.”

“Ndiyo maana hawajibu!” Jemadari akavuta joho lake. “Wamejikunyata majumbani na moto wameukosa kwa kuni mbichi. Na huyu tumempiga, na bado analia. Waacheni. Kesho mvua ikikatika tutapanda ngazi.”

Na farasi hawakutandikwa usiku ule.

Mundhiri hakuyajua hayo. Yeye alijifunga paja kwa kilemba chake, akaujaribu mguu, ukakataa. Akajua habari ya kamba imekwisha. Ajabu ni kwamba alipojua hivyo, moyo ulimtulia. Isha akaiadhini amejiegemeza ukutani, na mvua ingali inanyesha akayarudia maneno yale yale.

Alfajiri mbingu zilifunguka, safi kama zimeoshwa. Akaadhini, na alipofika “Swala ni bora kuliko usingizi,” kambi nzima ikalia kama punda, wengine wangali na usingizi. Mundhiri akatabasamu. Alikuwa amewazoea na yeye. Akaswali hapo hapo juu mnarani kwa kukaa, na alipotoa salamu kulia na kushoto, macho yake yakagonga mlima wa ng’ambo. Nguzo ya moshi mweupe ilikuwa imesimama wima juu yake, nene, ya majani mabichi.

Akasujudu sajda ya shukrani, paji la uso juu ya jiwe baridi, akakaa hivyo muda mrefu. Tunaambiwa kwamba mvua ile iliwachelewesha watu wale hata wakalivuka daraja alfajiri ile ile. Lau Magharibi ingeingia kimya, wangekutwa uwandani wote.

Jua lilipopanda, ngazi zikaegemezwa ukutani. Adui waliingia wakipiga kelele, na kelele zikawafia midomoni. Hawakukuta mtu. Walikuta mikeka, majiko baridi, kofia juu ya mikuki. Ndipo sauti ikatoka ndani ya ngazi ya mnara, sauti wanayoijua wote:

“Huku, jamani! Punda yuko huku!”

Ngazi ile ilikuwa nyembamba, inapinda, haipiti ila mtu mmoja. Mundhiri alikuwa amekaa juu ya kipandio, mgongo ukutani, mguu mbovu umenyooka mbele, mkuki magotini. Wa kwanza aliyepanda alirudi akibiringika. Wa pili naye. Wakamtupia mawe, akayapokea kwa ngao. Walipoleta ngao ndefu wakasukumana nyuma yake, mkuki ukavunjika, akachomoa upanga. Alipigana hivyo mpaka jua likawa juu ya kuta, hata wale waliopanda wakawa wanapanda kwa kusukumwa na wa nyuma. Mwishowe mkuki wa mtu asiyemwona ulimpata chini ya kwapa, na upanga ukaanguka, ukateremka ngazi wenyewe, ukilia kipandio kwa kipandio.

Walimteremsha uwanjani. Jemadari akaja na Yuhana. Akamtazama, akasema, “Muulize wenzake wako wapi.”

“Wamevuka,” akasema Mundhiri.

Jemadari akageuka kuutazama mlima, akauona moshi. Wakuu wake wa wapanda farasi wakaanza kusema mara moja, akawanyamazisha kwa mkono. “Muulize: tangu jana mlikuwa humu watu wangapi?”

Mundhiri akavuta pumzi, na pumzi ilikuwa chache. “Kwa macho yangu, mimi tu. Lakini tumefundishwa kwamba mtu akiwa peke yake mahali pasipo watu, akaadhini, akakimu, akaswali, husimama nyuma yake safu za malaika ambazo jicho halifiki mwisho wake. Basi mwambie idadi siijui. Mimi nilikuwa mbele.”

Yuhana alilifasiri neno hilo. Jemadari akapiga hatua mbele. Alivua joho lake, akamfunika.

“Jua limefika wapi?” Mundhiri akamuuliza Yuhana.

“Bado halijasimama.”

“Alfajiri nimeiswali, na Adhuhuri haijaingia,” akasema. “Basi sidaiwi.” Akatamka shahada mbili, kwa mkwaruzo ule ule, roho ikatoka.

Jemadari aliamuru azikwe chini ya mnara, akamtaka Yuhana aonyeshe upande ambao watu hawa huelekea wakiswali, ili wasimkosee. Na Yuhana amesimulia jambo jingine. Adhuhuri ya siku ile ilipofika, walinzi wa kambi walibaki wamesimama lindoni, wakitazama mnara. Wenzao wa kuwapokea nao walikaa wakisubiri. Jua likapita, likainama, na hakuna aliyempokea mwenziwe, mpaka jemadari mwenyewe akatoka hemani akawaambia, “Shukeni. Hatalia tena.” Na hakuna aliyecheka.

Mwaka uliofuata sulhu ilifungwa, ngome ikarejeshwa kwa wenyewe. Yuhana akawasubiri langoni, akawasimulia yote. Bibi Rababu alisikiliza mpaka mwisho, mtoto ubavuni, kisha akaenda kukaa karibu na kaburi.

Wakati wa swala ukaingia. Amiri Jundubi akamtazama Wahbi. Wahbi akapanda ngazi ile, na vipandio vilikuwa bado na alama. Akasimama kwenye lile dirisha alilolikimbia, kifua wazi, akaanza kuadhini. Takbiri ya kwanza ilitoka nzuri. Ya pili, macho yake yakaona kaburi chini, na lile koo la asali likapasuka. Yaliyobaki yote aliyatoa kwa mkwaruzo, neno likivuta neno kama mtu anayeburuta jiwe, mpaka mwisho.

Aliposhuka aliinamisha kichwa mbele ya Bibi Rababu. “Nisamehe, shemeji. Leo nimeharibu.”

“Tazama,” akasema Rababu.

Lubaba, ambaye ndio kwanza anajifunza kusimama, alikuwa ameshika jiwe la kaburi la baba yake kwa mkono mmoja, uso ameuinua kwenye dirisha la mnara, anasubiri sauti ile iendelee.

Basi ndugu zangu wapenzi, sisi tunamwomba Mola vipawa vizuri, na kile alichokwisha kutupa tunakionea haya tukakificha. Na mimi ninayewaandikia ndiye wa kwanza kuhitaji kuambiwa hivi. Hujui kipi katika ulivyo navyo kitakuja kuwa ngao ya watu. Pengine ni hicho hicho unachochekewa. Kazi yetu ni kusimama dirishani wakati ukiingia, na kuifikisha adhana mwisho wake, yupo wa kutusikia au hayupo. Ewe Mola, mrehemu Mundhiri, msamehe Wahbi, na utujaalie siku ya kuondoka kwetu tuwe hatudaiwi. Amina, na tuiitikie kwa sauti.